Nyuki wa Bongwe Hula Nini Wakati wa Kaskazi?

Ukitaka kuwajua nyuki wa Bongwe, usije Agosti, wakati miembe na mikanju imechanua na kila mdudu ana pa kula. Njoo Februari. Mvua za vuli zimekwisha kitambo, masika bado yako mbali, kaskazi inavuma kavu, na majani ya kando ya njia yamekuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Mwezi huo wenye mizinga huwa na lalamiko moja tu: "Wamehama."

Nyuki wa Ulaya, baridi ikiingia, hujifungia na akiba yake akangoja. Wa kwetu hana subira hiyo. Maua yakikauka hufungasha, kundi zima, wakaacha masega matupu. Majirani watasema ni jicho baya, au mzinga umetundikwa pasipofaa. Labda. Lakini mimi nikiuliza habari za nyuki huanza kwa kutazama juu, kwenye kilele cha mnazi, maana huo ndio mti usiojua likizo.

Mnazi uliokomaa na kutunzwa vizuri hutoa karara mpya karibu kila mwezi, kiangazi na masika. Karara ikipasuka hutoka shada la maua kwa maelfu, karibu yote ya kiume. Hayo hufunguka kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, yakitoa chavua na maji matamu. Ya kike, yale yatakayokuwa vidaka na baadaye madafu, huwa machache na hungoja zamu yao. Kwa nyuki, shamba la minazi ni kama kibanda cha chapati kisichofungwa: si karamu, lakini hulali njaa.

Tatizo ni kwamba nyuki ana mshindani. Mgema huifunga karara kabla haijapasuka, akaikata ncha asubuhi na jioni, na karara iliyogemwa haifunguki ikatoa maua. Nyuki hakubali kushindwa hivi hivi: huingia kwenye kibuyu kule juu, na tembo likiteremshwa unawakuta wanaelea, wamelewa au wamekufa. Nilimuuliza mzee mmoja mgema kama hilo halimuudhi. Akacheka. "Mwanangu, na wao ni wateja. Tofauti yao na nyinyi ni kwamba wao hawakopi."

Sasa, jambo linalonifanya niandike ni hili: mti huo unaowabeba nyuki wetu wakati wa njaa si wa hapa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina asili mbili, moja ya pande za Pasifiki na moja ya pande za Bahari ya Hindi, na minazi ya Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki ina mchanganyiko wa zote mbili. Yaani mnazi wa nyuma ya nyumba yenu ni chotara, umebeba historia ya mabaharia wa Asia ya kusini-mashariki. Mwembe nao ulitoka India. Mwarobaini pia. Mkanju ulitoka mbali zaidi: Wareno waliutoa Brazili, na jina wakalichukua huko huko, kwa Watupi waliouita acaju. Tunapoita kanju, tunatamka Kitupi bila kujua.

Ajabu ni mkwaju. Huo ni wa Afrika hasa, na nyuki huupenda, lakini Waarabu waliuita tende ya India, na Kiingereza kikarithi kosa hilo. Wa nyumbani akaitwa mgeni. Wageni sasa tunawaita wa nyumbani.

Nyuki mwenyewe ndiye mwenyeji. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa nyuki Tanganyika, alimpa nyuki wa pwani jina Apis mellifera litorea. Neno la mwisho ni la Kilatini, maana yake wa ufukweni. Na Brazili, iliyotupa mkanju, ilikuja kudai chenji. Mwaka 1956 Warwick Kerr alipeleka huko malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wao wa Afrika Kusini, si wa pwani yetu. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka katika jimbo la São Paulo. Uzao wao ulifika Texas mwaka 1990, na filamu za kutisha zikapata riziki.

Biashara ya nyuki hapa ilikuwa na bahari tangu zamani. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika kuhusu pwani hii mapema karne ya 16, aliitaja nta pamoja na dhahabu na pembe za ndovu katika bidhaa za Malindi. Na majahazi ya Uarabuni na India yaliyofuata bidhaa kama hizo yalikuja na upepo gani? Kaskazi. Upepo ule ule unaokausha maua ya Bongwe ndio ulioleta watu, na watu wakaja na mbegu.

Kwa hiyo mtu akiniambia tukate "miti ya kigeni" tubaki na ya asili, namuuliza nyuki watakula nini Februari. Msitu wa asili upo, mzee sana. Kaya Kinondo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, na miti yake haikatwi. Lakini kaya ni ndogo, na katikati ya kaya na kaya kuna mashamba. Huko ndiko minazi ilikosimama, na huko ndiko kunakouzwa sasa, ploti za 50 kwa 100. Tangazo husema ploti "imesafishwa". Maana yake mnazi umeangushwa, na mkanju umekuwa makaa.

Februari iliyopita niliona kundi limejibanza chini ya tangi la maji la fleti mpya, upande wa kuelekea Ukunda. Mlinzi alikuwa tayari ameshika gazeti na kiberiti. Nilimwomba awaache mpaka asubuhi. Aliwaacha. Asubuhi hawakuwapo, na kwenye ploti ile hapakuwa na mti hata mmoja wa kuulizia wameelekea wapi.