Tongoni: mji uliorudi udongoni

Jina lenyewe lishasema. Matongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama pakabaki mahame. Kusini mwa Tanga ipo Tongoni yenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, yote ya mawe ya matumbawe, na mgeni akifika haulizi mji ulikuwa wapi. Kasongo ya Maniema, Kongo, nayo ina Tongoni yake, ndiyo Kasongo ya zamani. Mji wa leo umekaa kwingine, na kule kumebaki mashamba na pori. Atakayetafuta jiwe la ukuta atarudi mikono mitupu.

Na huo ulikuwa mji hasa. Ulikuwa makao makuu ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, huku Maniema. Baada yake akautawala mwanawe Sefu. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Francis Dhanis na kusaidiwa na watu wa chifu Gongo Lutete, liliuteka. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika alichokikuta: vitanda vya kuchonga, magodoro ya hariri, sukari, mishumaa, bilauri za kioo na za fedha, maghala yamejaa mpunga, na pembe za ndovu zipatazo tani 25. Chumba alichojichukulia yeye kilikuwa na urefu wa karibu mita 24, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Hinde alikuwa upande wa washindi, na mshindi hupenda kuusifu mji alioutwaa. Lakini hata ukipunguza chumvi, mji unabaki.

Basi umekwenda wapi? Umekwenda chini. Nyumba zake zilikuwa za udongo, na nyumba ya udongo huishi kwa paa lake. Paa likiungua au likianza kuvuja, mvua za misimu michache zinatosha: ukuta hulainika, huinama, hugeuka tuta kama kichuguu kilichokufa. Halafu anakuja mkulima. Mahame yana majivu na takataka za jikoni za miaka mingi, udongo wake mweusi una rutuba, kwa hiyo jembe huanzia papo hapo. Miaka 20 ya muhogo na mpunga, na hata tuta halionekani.

Wazungu wana tatizo linalofanana na hili. Askari wa Roma walichimba handaki na kuinua tuta kuzunguka kambi, hata kama ni ya kulala usiku mmoja tu. Huko Uingereza mahandaki mengi yalishafukiwa na kulimwa zamani, lakini udongo uliojaa ndani ni laini na hushika maji. Mwaka wa ukame ngano iliyoota juu yake hubaki kijani wakati jirani zake zimekauka, na mtu aliye ndani ya ndege huona kambi nzima imejichora shambani.

Kasongo nayo ina mahandaki yake. Mfanyabiashara Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuja kupigana na Dhanis mwishoni mwa 1893, na watu wake wakajizungushia maboma ya udongo na miti. Januari 1894 kombora lilipiga ghala la baruti la boma mojawapo, na boma likateketea pamoja na wengi waliokuwamo. Mwezi huohuo mji wa Kabambare ukaanguka. Mtaro wa boma haufi upesi kama nyumba, hufukiwa tu.

Mwaka 2020 Noemie Arazi na wenzake walichapisha katika jarida la Antiquity habari za utafiti wao wa Kasongo, na walichanganya uchimbaji na masimulizi ya wenyeji. Naona ndiyo njia, kwa kuwa masalio makubwa ya mji huu hayachimbuki. Mpunga wa Maniema uliletwa na watu wa pwani, ukalimwa na watumwa wao, na bado unapikwa na kuliwa kwa sombe. Kiswahili kilichoitwa Kingwana kilitoka kwenye misafara ya watu haohao wa pwani. Misikiti ipo. Ipo pia kumbukumbu ya minyororo, na familia moja inaweza kubeba vyote viwili, jina la muungwana na kilio cha mateka.

Kisha kuna miti. Mchungwa wa Hinde si rahisi uwe hai hadi leo. Mwembe huweza kupita miaka mia, na kokwa likitupwa na mpita njia huota popote. Lakini miembe ikisimama kwa mstari katikati ya pori, kuna mtu aliipanga, na pengine palikuwa na njia.

Kwa hiyo mimi Tongoni ningeanza na anayelima kabla ya anayechimba. Ningemwuliza jembe lake hugonga wapi udongo mgumu kama sakafu, na wapi, kiangazi kikikaza, majani ya muhogo wake huchelewa kunyauka.