Mbio Zilizomkosa Mwenye Haja

Mwendesha baiskeli anayetaka mlima wa kumpima mwenzake hana sababu ya kutoka nje ya Tanzania. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, barabara inapanda Kitonga kona kwa kona hadi Ilula, ndipo ufike Iringa. Inapita Mafinga na Makambako, inateremka Igawa na Chimala pembezoni mwa bonde la Usangu, kisha inapanda tena hadi Uyole na Mbeya, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700. Iringa hadi Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo, mbio za kitaifa za hatua, zile za siku kadhaa ambazo kila siku ina mji wa kuanzia na wa kumalizia na mshindi hupatikana kwa kujumlisha muda wote, hazijawa desturi hapa kama zilivyo Rwanda na Eritrea. Wengi husingizia umaskini. Historia ya mbio hizi inaonyesha sababu nyingine: haziletwi na milima wala wingi wa baiskeli, bali na taasisi yenye haja nazo. Nyanda za Juu Kusini, kunakopita barabara hii, zilikuwa na kila kitu isipokuwa mwenye haja.

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1903 gazeti la L'Auto, chini ya Henri Desgrange, lilikuwa likishindwa na mpinzani wake sokoni. Likaanzisha Tour de France ili liuze nakala: hatua 6, kilomita zaidi ya 2,400, waendeshaji 60 wakaanza na 21 wakamaliza. Maurice Garin alishinda mbio, na gazeti likashinda soko. Mwaka 1909 La Gazzetta dello Sport la Italia likafuata nyayo kwa Giro d'Italia. Waitaliano ndio waliopeleka mchezo huu Eritrea, ambako mbio za kuizunguka nchi zilifanyika mara ya kwanza mwaka 1946. Rwanda ilianza mwaka 1988 bila vita vyovyote vya magazeti. Vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi vilizikatiza mbio hizo, zikafufuka, zikaingia kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa la baiskeli mwaka 2009, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Huko mwenye haja alikuwa serikali, iliyotaka nchi ionekane kwa sura nyingine.

Sasa tuitazame barabara yetu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia ya kusini ya mafuta yake, nayo yakaanza kupita Iringa na Mbeya kwa malori, kwenye vumbi na tope, katika safari iliyofananishwa na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya shaba na mafuta ilikuwa mali ya lori tangu siku ya kwanza. Baiskeli ilikaa pembeni na kazi yake nyingine. Kule Kyela na Usangu hubeba mpunga na abiria: fremu nzito, keria iliyoongezewa nondo, na vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia gunia lisiyumbe.

Mtu atauliza: je, serikali ya Tanzania haikutaka kuunganisha nchi? Ilitaka sana, ila ilikuwa na chombo chake. Mbio za Mwenge wa Uhuru zilianza mwaka 1964, na tangu hapo zimekuwa zikipita wilaya kwa wilaya: mapokezi, uzinduzi wa miradi, mkesha, kisha makabidhiano kesho yake. Tazama mpangilio huo kwa makini, utaona ni ule ule wa mbio za hatua, isipokuwa hakuna anayeshindwa. Dola yenye Mwenge haikuhitaji baiskeli kuwaonyesha wananchi ukubwa wa nchi yao. Nayo magazeti makubwa ya wakati huo, Uhuru la chama na Daily News la serikali, hayakuwa na mpinzani wa kumpokonya wasomaji. Magazeti binafsi yalipostawi miaka ya 1990, yalikuta Simba na Yanga wameshajaza uwanja, na wadhamini wakafuata watazamaji walikokwisha kukusanyika. Kampuni ya simu ya Vodacom ilipodhamini mbio za baiskeli, iliwalenga watu wa Mwanza, katika ukanda ambao baiskeli imeenea mno.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuanzisha mbio za hatua hapa ni kwamba hatuna wachezaji. Eritrea inalijibu. Chini ya ukoloni wa Italia wenyeji walizuiwa kushindana na Waitaliano. Waliporuhusiwa mwaka 1939, Ghebremariam Ghebru akashinda. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa nchi hiyo hiyo alishinda hatua tatu za Tour de France. Vipaji huonekana baada ya mashindano kuwepo, si kabla.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huwezi kufunga njia inayolisha Zambia na Kongo ili watu wakimbizane kwa baiskeli. Ni kweli, na atakayepuuza jambo hilo atahatarisha maisha ya watu Kitonga. Lakini lami imeongezeka nje ya njia hiyo. Ipo ya Uyole kwenda Tukuyu na Kyela, ya Mbeya kupanda mlima hadi Chunya, ya Makambako kwenda Njombe, na ya Iringa kwenda Dodoma kupitia Mtera. Tangu mwaka 2003 Tour d'Afrique, mbio na msafara wa Cairo hadi Cape Town, imekuwa ikipitisha wageni Mbeya. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na kampuni iliyoishi kwa ada za washiriki wake. Wenyeji walibaki kando ya barabara kwa sababu haja yenyewe haikuwa yao.

Basi swali la kuuliza si kama tuna milima au miguu. Ni nani kusini atakayepata hasara mbio zisipokuwepo? Hifadhi ya Ruaha, ambayo bado haijapata watalii wa kiwango cha kaskazini, ni jibu moja. Miji inayotaka wageni walale badala ya kupita tu ni jibu jingine. Wakiziona mbio kuwa hitaji lao, bajeti itapatikana kama ilivyopatikana Paris na Kigali. Wakiziona kuwa burudani, zitaandaliwa mara moja, zitapigiwa makofi, na mwaka unaofuata hakuna atakayeziulizia.