Mtumishi wa Chuma Nyumbani kwa Morbius

Filamu ya Kimarekani iitwayo Forbidden Planet, iliyoongozwa na Fred M. Wilcox, ilitolewa mwaka 1956. Aliyependwa humo kupita wengi ni Robby, mtumishi wa chuma apikaye, ashonaye nguo, na aliyemtengenezea mpishi wa wageni galoni 60 za wiski. Kwa mizaha hiyo wako wasemao kwamba hakustahili kuwamo katika kisa kizito namna ile. Kwamba aliwekwa ili kuchekesha watoto tu.

Hoja hiyo ina nguvu, walakini yasahau jambo moja. Mapema katika kisa, Dakta Morbius, akitaka kuwaonyesha wageni tabia ya mtumishi wake, alimwamuru ampige nahodha wao kwa silaha. Robby alijaa cheche, asiweze kutii, maana aliundwa asimdhuru mwanadamu. Mwishoni dude lisiloonekana lilipouvamia mlango, Morbius alimwamuru aliue. Robby akasimama kama gogo. Alikuwa ametambua lile ambalo bwana wake, pamoja na elimu yake yote, alikataa kulikiri: dude lile lilikuwa chuki ya Morbius mwenyewe, iliyopewa nguvu na mitambo ya Krell.

Wahakiki wamekilinganisha kisa hiki na The Tempest ya Shakespeare, iliyofasiriwa na S. S. Mushi mwaka 1969 kwa jina la Tufani, na Robby wamemfananisha na Ariel. Lakini Ariel humsaidia bwana wake kwa kutii. Robby humfichua wake kwa kushindwa kutii. Akiondolewa Robby, mizaha itapungua, na Morbius atakosa shahidi wa kumhukumu.