Namna ya kuchagua waridi litambaalo kwa uzio wa nyumba

Katika Kiswahili neno "ua" hubeba maana mbili: waridi ni ua, na uzio uzungukao nyumba nao ni ua. Kuyakutanisha hayo mawili ni tamaa ya wenye nyumba wengi katika miji ya nyanda za juu, ambako bati, waya na matofali ya uzio huonekana makavu mbele ya macho ya mpita njia. Mwaridi utambaao, ukichaguliwa vyema, huweza kuupamba uzio kwa majani na maua kwa miaka mingi. Ukichaguliwa vibaya, huweza kukaa misimu kadhaa bila kutoa hata tumba moja, au ukauangusha uzio wenyewe juu ya bustani ya jirani.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mpanda waridi mambo ni kinyume chake: asipochagua kabla ya kupanda, atajuta baadaye, kwa kuwa mmea huu hauhamishiki kwa urahisi ukishakomaa. Makosa mengi huanzia mahali pamoja, pale mnunuzi anapotazama rangi ya ua kwanza. Rangi ni jambo la mwisho. Yanayotangulia ni hali ya hewa ya mahali, nguvu ya uzio, urefu wa mmea na ukali wa miiba yake.

Mmea usioweza kujishikiza

Mwaridi hauna vikono vya kushikia kama mmea wa pasheni, wala haujisokoti kwenye kijiti kama maharage marefu. Porini hurusha matawi yake juu ya vichaka na kujikwamisha kwa miiba iliyopinda kama ndoana. Kwenye uzio wa nyumba hauna cha kuuinua ila mkono wa binadamu. Usipofungwa, huanguka chini na kugeuka kichaka.

Miwaridi itambaayo imegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza lina matawi membamba yanayopindika kwa urahisi na mashada ya maua madogo, na kwa kawaida huchanua mara moja tu kwa mwaka. Kundi la pili lina matawi manene na magumu zaidi, maua makubwa, na aina zake nyingi hurudia kuchanua. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mtu aishiye karibu na ikweta.

Hali ya hewa ndiyo mwamuzi

Miwaridi mingi ichanuayo mara moja asili yake ni nchi zenye majira ya baridi. Miezi ya baridi huupumzisha mmea na kuutayarisha kwa maua ya majira ya kuchipua. Katika nyanda za juu za Maziwa Makuu, kama vile Kigali, Gitega na Bukavu, miji iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, joto hubadilika kidogo tu na mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Mwaridi wa aina hiyo ukipandwa hapo, mara nyingi huongeza majani na matawi lakini maua yake huwa haba.

Mfano mashuhuri ni mwaridi uitwao Lady Banks, wenye asili ya China na usio na miiba. Mmoja uliopandwa mwaka 1885 katika mji wa Tombstone, jimbo la Arizona nchini Marekani, umetanda juu ya eneo la zaidi ya mita za mraba 700. Picha zake huvutia watu wengi, lakini mmea huo huchanua mara moja kwa mwaka, baada ya kupitia usiku wa baridi wa jangwani. Anayeutamani kwa uzio wa Kigali hana budi kujiuliza atapata wapi baridi hiyo.

Sifa ya kuchanua tena na tena ilifika Ulaya kupitia miwaridi ya China mwishoni mwa karne ya 18. Muda mfupi baadaye, karibu na Charleston katika jimbo la South Carolina, mkulima wa mpunga John Champneys alipata mwaridi utambaao uliochanganya asili ya China na mwaridi mwingine wenye harufu kali. Philippe Noisette, aliyeishi Charleston, aliuendeleza uzao wake na kuupeleka kwa ndugu yake Louis jijini Paris. Ukoo huo ukapewa jina la Noisette. Kwa kuwa ulizaliwa mahali pa joto, na hauhitaji baridi kali ili uchanue, ni miongoni mwa koo zinazofaa zaidi nchi za joto la wastani.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: karibu na ikweta, ununuliwe mwaridi unaorudia kuchanua. Na katika miji ya chini yenye joto na unyevu, kama Bujumbura au miji ya pwani, mwaridi hushambuliwa sana na magonjwa ya majani. Huko bogenvilia huweza kuufunika uzio kwa taabu ndogo zaidi.

Nguvu ya uzio na urefu wa mmea

Mwaridi mkubwa uliolowa mvua na kupigwa na upepo ni mzigo mzito. Uzio wa mianzi, wa fito au wa waya mwembamba unahitaji aina isiyozidi mita tatu. Ukuta wa matofali, au nguzo imara zenye waya mnene, unaweza kubeba aina ya mita tano na zaidi. Uzio mfupi hauhitaji mwaridi mrefu, kwa maana kila kinachozidi kimo cha uzio kitadai kukatwa mwaka hata mwaka.

Uzio wa bati una shida yake. Bati hupata joto kali juani na kuunguza machipukizi yanayoligusa. Yafaa nyaya zifungwe kwenye vigingi vilivyo sentimita 10 mbele ya bati, ili hewa ipite nyuma ya matawi. Waya wa kwanza huwekwa sentimita 45 kutoka ardhini, na zinazofuata huachana kwa sentimita 30.

Miiba: ulinzi na hatari

Kuna watakao miiba ili kumzuia mwizi, na kuna waiogopao kwa ajili ya watoto. Pande zote mbili zina haki. Mwaridi wenye miiba mikali unafaa upande wa nyuma wa uwanja, mahali pasipopitwa na watu. Karibu na lango, njia ya miguu, kamba ya kuanikia nguo au mahali pa kuchezea watoto, iwekwe aina isiyo na miiba au yenye miiba michache. Mchomo wa mwiba si jambo la kupuuzwa: huweza kuingiza mwilini ukungu wa udongoni au vijidudu vya pepopunda. Kwa hiyo mwenye kuuhudumia avae glovu nene, na asiache chanjo yake ya pepopunda ipitwe na wakati.

Aina chache zinazojulikana

Madame Alfred Carrière ni wa ukoo wa Noisette na ulitolewa Ufaransa mwaka 1879. Maua yake ni meupe yenye wekundu hafifu na harufu nzuri, miiba yake ni michache, na huvumilia kivuli kiasi. Huvuka mita tano, kwa hiyo unataka ukuta au nguzo imara.

New Dawn una maua ya waridi hafifu yanayong'aa kama lulu na majani yenye afya. Ulitokea Marekani kwenye mwaridi wa zamani zaidi uliokuwa ukichanua mara moja tu, na mwaka 1931 ukawa mmea wa kwanza kupewa hataza nchini humo. Muda wa hataza hiyo ulikwisha zamani, hivyo mtu yeyote aweza kuuzalisha kwa vipandikizi vya matawi, ambavyo huota mizizi kwa urahisi. Miiba yake ni mikali.

Iceberg utambaao ulitokana na mwaridi mfupi mweupe uliozalishwa Ujerumani mwaka 1958. Una miiba michache na huchanua karibu mfululizo mahali penye joto la wastani. Unafaa uzio wa kimo cha kawaida.

Zéphirine Drouhin, wa Ufaransa mwaka 1868, una maua ya waridi yaliyoiva, harufu kali, na hauna miiba. Ni chaguo la langoni. Kasoro yake ni wepesi wa kushikwa na magonjwa ya majani, hivyo upandwe mahali penye hewa ya kutosha, wala si kwenye pembe iliyozibwa.

Mermaid, wa Uingereza mwaka 1918, una maua mapana ya njano yenye petali tano. Miiba yake imepinda na kushika nguo na ngozi bila huruma. Ni ulinzi hasa, lakini apandaye ajue kwamba kuukata ni kazi ngumu.

Kutazama mche kabla ya kulipa

Miche mingi ya miwaridi huwa imebebeshwa: aina nzuri imeunganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu. Machipukizi yatokayo chini ya kiungo ni ya ule mwaridi wa chini. Yasipong'olewa mapema, huunyonya mmea mpaka aina iliyonunuliwa ife, na mwenye nyumba hubaki akishangaa kwa nini waridi lake limebadilika sura.

Mnunuzi aulize pia jina la aina na tabia yake ya kukua. Miwaridi ya mashamba makubwa ya maua, kama yale ya Naivasha nchini Kenya, imechaguliwa kwa ajili ya vikonyo virefu vya kukatwa na kusafirishwa. Mingi yake ni vichaka vya kusimama wima, haitambai. Kipandikizi kilichotoka kwenye shada la dukani hakitafunika uzio, hata kikishika mizizi.

Kupanda na kuelekeza matawi

Wakati mwema wa kupanda ni mwanzo wa mvua, iwe za vuli au za masika. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 50 hadi 60, lichanganywe samadi iliyooza vizuri, na liwe sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye uzio, kwa kuwa udongo wa chini ya ukuta hukosa mvua. Mche hadi mche iachwe mita mbili au tatu. Jua la saa sita kwa siku ni la lazima kwa aina nyingi. Wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, matandazo ya nyasi kavu na maji mengi mara moja au mbili kwa wiki hufaa kuliko maji kidogo ya kila siku.

Siri ya maua mengi imo katika kulaza matawi. Tawi likisimama wima, ncha yake huzuia macho ya chini yasichipue, na maua hutokea juu kabisa, mahali yanapoonwa na jirani peke yake. Tawi likilazwa na kufungwa karibu sambamba na ardhi, kila jicho huchipua kijitawi na kila kijitawi huleta ua. Kamba iwe laini na isikazwe. Matawi yasipitishwe nyuma ya waya, kwani yakinenepa huvuta nyaya na kung'oa vigingi.

Katika miaka miwili ya kwanza matawi makuu yasikatwe. Baadaye, kila mwisho wa kiangazi, huondolewa matawi makongwe machache, na vijitawi vilivyokwisha chanua hupunguzwa vikabaki na macho mawili au matatu. Majani yenye madoa meusi, kutu au ubwiri unga yaokotwe na kuteketezwa. Maji yamwagwe shinani, si juu ya majani, kwa sababu ukungu wa madoa meusi huhitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili uingie.

Fundisho kutoka Marekani

Katika miaka ya 1930 idara ya serikali ya Marekani ya kuhifadhi udongo iliwahimiza wakulima kupanda mwaridi wa mwituni kutoka Asia ya Mashariki, uitwao multiflora, uwe uzio hai wa mifugo. Ulikua haraka na gharama yake ilikuwa ndogo. Ndege wakala matunda yake na kusambaza mbegu, na malisho mengi yakageuka vichaka vya miiba. Leo majimbo kadhaa yameuorodhesha kuwa gugu hatari, na wakulima hugharamia kuung'oa mmea ambao babu zao walihimizwa kuupanda.

Mwaridi huo hutumika pia kama mizizi ya kubebeshea aina nyingine. Ndiyo maana chipukizi la chini ya kiungo lisiachwe kutawala, hata kama linaonekana kuwa na nguvu kuliko mwenzake. Mwaridi hukua pande mbili za uzio kwa wakati mmoja, na upande wa pili una mwenyewe. Kabla ya kuchimba shimo, neno moja na jirani kuhusu kimo, miiba na nani atakayekata matawi yatakayovuka huokoa ugomvi wa miaka.