Vyombo vya usafiri vya wageni (Malawi)

Vyombo vya usafiri vya wageni nchini Malawi ni magari, pikipiki, boti na mitumbwi ya watu wasio raia. Desturi ya sheria ni kuwagawa wenyewe mafungu mawili: mpita njia, ambaye chombo chake hubaki na namba za kwao, na mkaazi, ambaye hulipa ushuru na kuchukua namba za Malawi. Wasemaji wa Kiswahili wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, hawaingii sawasawa katika fungu lolote.

Mpita njia

Kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, gari la kigeni hutambulika kwa herufi za nchi lilikosajiliwa. MW ni Malawi, CGO ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, EAT ni Tanzania. Burundi hutumia RU, masalio ya jina Ruanda-Urundi la enzi za Wabelgiji. Mkataba huohuo unairuhusu nchi kuliondolea gari hifadhi yake likikaa humo mfululizo zaidi ya mwaka mmoja.

Mpakani Songwe au Mchinji, karatasi zenye uzito ni kibali cha kuingiza chombo kwa muda, kinachotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Malawi, na bima. Kibali ni ahadi kwamba gari litatoka. Kuliuza ndani ya nchi bila kulipa ushuru ni magendo. Kwa bima kuna kadi ya njano ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), mpango ulioanza 1987. Burundi, Rwanda na Kongo zimo, na Tanzania ilibaki humo hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000.

Upande wa usukani hausumbui kama mtu angedhani. Kongo na Burundi huendesha kulia, lakini Bujumbura na Bukavu zimejaa magari ya mitumba ya Japani yenye usukani wa kulia. Gari la namna hiyo likifika Malawi, ambako huendeshwa kushoto, ni kama limerudi kwao.

Mkimbizi

Kibali cha muda hudai tarehe ya kuondoka, na mkimbizi hana tarehe hiyo. Tena ni nadra afike na gari. Wengi huingilia Karonga kwa basi, lori au miguu, kwa hiyo suala la Dzaleka ni chombo kilichonunuliwa hapahapa.

Dzaleka, wilayani Dowa, iko kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda, ikafanywa kambi mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ila kwa masharti. Kifungu cha 13, kinachohusu mali inayohamishika na isiyohamishika, ilitangaza kwamba inakichukua kama pendekezo, si wajibu. Kwa kifungu cha 26 ilijiwekea haki ya kupanga mahali pa kuishi wakimbizi na kuwazuia kutembea pale usalama au utulivu wa nchi unapodai. Visome pamoja na utata utajitokeza wenyewe: gari ni mali ya kutembea, na mwenyewe hatakiwi kutembea.

Machi 2021 serikali iliwaamuru wakimbizi wanaoishi nje ya kambi kurudi Dzaleka ifikapo 28 Aprili. Amri ikarudiwa 2023, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya, Lilongwe ikiwemo. Kwa mfanyabiashara aliyerudishwa kambini, duka linaweza kufungwa kwa kufuli, lakini pikapu inayochukua bidhaa mjini, au pikipiki ya kabaza, yaani bodaboda, inayotafuta abiria nje ya kambi, ikisimama haina maana tena. Popote wageni wanapobanwa, njia ya mkato ni kuandikisha chombo kwa jina la raia. Ni njia mbovu: siku ya ajali au ya kuuza, mwenye mali machoni pa sheria ni yule aliyeandikwa kwenye hati.

Ziwani

Katika Ziwa Malawi (Nyasa) mambo hulegea, kwani mpaka hauonekani. Visiwa vya Likoma na Chizumulu ni vya Malawi ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji, na kuvuka hadi Cobué, ufukweni mwa Msumbiji, ni safari fupi ya boti. Upande wa Tanzania hata ugeni wenyewe unabishaniwa. Malawi hushikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaoweka mpaka ufukweni. Tanzania hudai mstari wa kati. Mvuvi wa Mbamba Bay, kwa ramani ya Malawi, yuko ugenini mara tu mtumbwi wake unapoelea. Kwa ramani ya Tanzania, yuko nyumbani hadi nusu ya ziwa.