Asili na Maana ya Neno "Akida"

Neno akida limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufunga, kama fundo au mkataba. Itikadi ni ndugu yake. Katika miji ya pwani akida alikuwa kiongozi wa vita. Wajerumani walimfanya ofisa wa serikali, juu ya majumbe: akusanye kodi, aamue kesi ndogo, asimamie mashamba ya pamba. Mara nyingi alikuwa mgeni kwa watu aliowatawala. Nadhani hapo ndipo neno lilipogeuka, kwani aliyefungamana na wapiganaji wake sasa alifungamana na boma. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba kule Nandete, Vita vya Maji Maji vikaanza, na maakida wakawa miongoni mwa walioshambuliwa mapema.