Swichi ya jiko na swichi ya jikoni: kuzima, kukata na kutenga umeme

swichi nm. (ngeli ya I-/ZI-, wingi: swichi) 1. kifaa kinachoruhusu au kuzuia umeme kupita katika waya ili kuwasha au kuzima taa, feni au chombo kingine. 2. kifaa cha mkono kilichotengenezwa kukitenga kabisa chombo, chumba au nyumba na chanzo cha umeme. Pia *swichi ya kutenga*. Katika lugha ya mafundi, *aisoleta*. Asili: Kiingereza.

Kamusi nyingi huishia kwenye maana ya kwanza, nayo humtosha anayewasha taa ya sebuleni. Jikoni haitoshi. Neno moja hapo hubeba vifaa viwili vyenye kazi tofauti: kimoja husimamisha kazi ya chombo, kingine huondoa umeme katika chombo hicho ili mtu aweze kukigusa ndani. Mfasiri asiyevitofautisha huweza kumwambia msomaji kwamba yuko salama wakati hayuko salama.

Asili

Urambo iko magharibi ya mji wa Tabora, katika njia ya zamani ya misafara iliyoelekea Ujiji. Kiswahili kilipita huko kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vitu vigeni vilikuja na majina yake: Kijerumani kiliacha *shule*, Kiingereza kikaleta *waya, plagi, soketi, fyuzi* na *swichi*. Neno *umeme* lilikuwapo tayari, likiwa jina la mwanga wa radi. Nchini Kenya nishati hiyohiyo huitwa pia *stima*.

Vitenzi havikuazimwa. Wasemaji walichukua vile vya moto wakavihamishia kwenye umeme. Taa *huwashwa* na *kuzimwa* kama kuni. Waya uliobeba umeme ni *waya wa moto*. Mahali ambapo msongo mkubwa hupunguzwa kabla ya umeme kusambazwa ni *kituo cha kupoza umeme*. Sitiari hii ina manufaa, kwa kuwa humkumbusha msemaji kwamba umeme huunguza. Ila ina upungufu mmoja. Aliyepika kwenye mafiga huona moto ukizimika, na akitilia shaka, hufukua majivu kuona kama kaa bado lina moto. Waya hauna majivu ya kufukua. Chombo kilichozimwa na chombo kisicho na umeme hufanana kwa macho.

Vitenzi na mipaka yake

*zima*: kusimamisha kazi ya chombo. Jiko la umeme likizimwa kwa kitufe chake, sahani zake hupoa, lakini waya unaolifikia bado una umeme. *Alizima jiko akaipua sufuria* ni sentensi sahihi. *Alizima jiko akalifungua kulitengeneza* ni sahihi kisarufi, lakini inasimulia hatari.

*katika*: kukosekana kwa umeme bila mtumiaji kufanya lolote. *Umeme ulikatika saa tisa, naye akaenda sokoni akiacha jiko limewashwa.* Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi, na sufuria aliyoiacha itaungua. Hali ya *umeme umekatika* isichukuliwe kuwa sawa na *umeme umezimwa*. Kenya husemwa *stima imepotea*, msemo unaodokeza vizuri kwamba kilichopotea huweza kuonekana tena.

*kata*: kitenzi hiki kina maana mbili katika uwanja huu. Shirika la umeme *humkatia* mteja umeme. Fundi *hukata* waya kwa koleo. Maelekezo yasemayo *kata umeme kabla ya kusafisha oveni* hayamwambii msomaji akate wapi. Ni bora kitenzi kifuatwe na jina la kifaa: *kata umeme kwa swichi kuu*.

*tenga*: kukiweka chombo mbali na umeme kwa kifaa mahususi, hata umeme ukirudi usikifikie mpaka mtu aiwashe swichi hiyo kwa mkono wake. Hiki ndicho kitenzi kinachofaa palipo na matengenezo.

*chomoa*: kutoa plagi katika soketi. Kwa birika la umeme, blenda au friji, kuchomoa ni kutenga kwa hakika zaidi, kwa sababu mwachano unaonekana kwa macho.

*funga*: kitenzi cha kuepukwa. Fundi akisema *nimefunga swichi*, ameipachika ukutani. Kwa baadhi ya wasemaji, *kufunga taa* ni kuizima. Mwalimu wa fizikia naye husema sakiti *imefungwa* akimaanisha imekamilika, hivyo umeme unapita. Kitenzi kimoja kinaweza kueleweka kuwa kuweka kifaa, kuondoa umeme au kuupitisha. Katika maelekezo ya usalama patumike *pachika* au *weka*, *zima* na *kamilisha*, kila kimoja mahali pake.

Jiko, jikoni na juu ya jiko

Nomino *jiko* ni chombo cha kupikia. *Jiko* pia ni chumba. Kiambishi cha mahali *-ni* huondoa utata. *Swichi ya jikoni* ni swichi yoyote iliyo ndani ya chumba hicho, pengine ya taa tu. *Swichi ya jiko* ni ile inayotawala chombo. Mtoto aliyeambiwa akimbilie *swichi ya jikoni* mafuta yanapowaka sufuriani anaweza kuzima taa na kumwacha mpishi gizani mbele ya moto. Inapowezekana, itajwe kazi: *swichi ya kutenga jiko*.

Utata wa pili umo katika *juu ya*. Kiswahili hutumia maneno hayo kwa kitu kilichokaa juu ya kingine, na pia kwa kitu kilicho ukutani upande wa juu wa kingine. *Swichi iwekwe juu ya jiko* ndiyo sentensi ambayo mwongozo mzuri hautakiwi kuwa nayo, kwa maana swichi iliyo ukutani usawa wa sahani za jiko hukaa penye mvuke na joto, na anayeitaka wakati wa ajali hulazimika kupitisha mkono kwenye moto. Maneno yanayofaa ni *kando ya jiko, ukutani*.

Utata wa tatu ni wa *karibu na*. Ukaribu haupimwi kwa neno, kwa hiyo mfasiri asiache kipimo kilichomo katika matini chanzi.

Vipimo vinavyokutwa katika miongozo

Tanzania hutumia umeme wa volti 230 na plagi zenye pini tatu bapa za mtindo wa Uingereza. Kwa hiyo vitabu vya Uingereza husomwa na kufasiriwa mara nyingi. Miongozo hiyo hupendekeza swichi ya kutenga jiko iwe umbali usiozidi mita 2 kutoka kwenye jiko. Soketi za juu ya meza ya kazi ziwe angalau milimita 150 kutoka usawa wa meza. Na soketi na swichi ziwe angalau milimita 300 kutoka ukingo wa sinki, kwa kipimo cha mlalo. Soketi iliyojificha nyuma ya friji au chombo kilichojengewa kabatini haifikiki kwa mkono. Chombo hicho huwekewa swichi ya kutenga mahali panapoonekana, yenye jina lake.

Hesabu nayo ina neno lake. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 hubeba takribani wati 3,000. Jiko lenye oveni na sahani nne likivuta wati 7,000 kwa volti 230 huhitaji ampea 30 hivi. Halichomekwi kwenye soketi ya kawaida. Hupewa waya wake kutoka kwenye sakiti breka, na swichi yake. Swichi ya taa kwa kawaida hukata waya wa moto peke yake. Swichi ya kutenga jiko hukata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Waya wa erthi haukatwi na swichi yoyote.

Vibandiko

Kivumishi *-zima* na kitenzi *zima* huandikwa sawa. Kibandiko *JIKO ZIMA* husomeka kuwa jiko lote, au jiko lisilo na hitilafu. Kitenzi kitangulie: *ZIMA JIKO*. Katika swichi ya kutenga, kibandiko kitaje chombo kinachotawaliwa: *JIKO LA UMEME*, *FRIJI*. Neno *SWICHI* peke yake halimwambii mtu kitu ambacho haoni mwenyewe.

Mfano wa tafsiri

Isiyofaa: *Funga swichi ya jiko juu ya jiko na uizime kabla ya kufanya kazi.*

Inayofaa: *Pachika swichi ya kutenga jiko ukutani, kando ya jiko, umbali usiozidi mita 2, mahali ambapo mkono unaifikia bila kupita juu ya sufuria. Kabla ya kufungua mwili wa jiko, fundi azime swichi hiyo, kisha ahakikishe kwa testa kwamba waya hauna umeme.*

Tafsiri ya pili ni ndefu zaidi, na urefu huo una sababu. Imetaja kifaa, mahali, kipimo, mtendaji na uthibitisho. Sentensi ya kwanza humwachia msomaji abuni yote matano.

Kwa mwalimu na mfasiri

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Majiko ya umeme yataingia pia katika nyumba za Urambo ambazo mpaka sasa mpishi anajua kuni na mkaa, na karatasi ya maelekezo itakayokuja na jiko ndiyo itakayomfundisha tofauti hizi. Darasani, zoezi moja hutosha kuanzia: wanafunzi waandike sentensi tatu kuhusu jiko moja, ya kwanza kwa *zima*, ya pili kwa *katika*, ya tatu kwa *tenga*, kisha kwa kila sentensi waseme kama mtu anaweza kuugusa waya.

Jibu ni ndiyo katika sentensi moja tu, na hata hapo ni baada ya testa.

Taz. pia: jiko, meko, soketi, plagi, fyuzi, umeme, -zima.